Siku Maliro Alipokubali

Musienene, tarehe 3 Februari

Mume wangu Lusenge,

Niache niandike tena: mume wangu! Asubuhi nimeliandika neno hilo kwa kidole katika unga wa muhogo, na mama yako akaliona kabla sijalifuta. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mughole," akasema, ndilo neno lake la bibi arusi, "hii unga iko ya kula, haiko cahier ya kuandikia." Tangu hapo kila mgeni anayepita anapewa habari ya bibi arusi anayeandika juu ya chakula.

Mto wako bado una harufu ya sabuni ya siku ya arusi. Nimekataa kufua foronya. Mama anasema nikiendelea hivi panya watahamia upande wako wa kitanda.

Nimeshika kiapo chetu: simu ni ya ugonjwa na ya salamu za wakwe, mapenzi yataandikwa kwa mkono mwaka wote wa kwanza. Adèle, rafiki yangu wa shule anayefundisha huko Beni, anasema tumezeeka kabla ya wakati. Mwache. Hajui raha ya kumwona Phinées akishuka kwenye lori lake la viazi na bahasha chini ya kofia! Na simu yangu yenyewe hupata umeme siku ya soko tu.

Sasa kazi. Nimeweka hapa kipindi kipya cha "Meli za Mwezi wa Tatu", hadithi yetu ya redio ya kule nyotani. Kinaniuma kitu kimoja, kwamba redio yenu haifiki huku bondeni. Kila Ijumaa Beni inasikia, Butembo inasikia, na mimi mwenye kuandika nakaa nikichambua maharage. Siku moja utanisomea vyote, kinywa chako karibu na sikio langu.

Katika kipindi hiki Gavana wa Jua Kuu anashuka Mwezi wa Tatu. Wasikilizaji wapya wakumbushe hali ilivyo: Jua Kuu ina mafuta, ina jeshi, ina Baraza. Mwezi wa Tatu hauna kitu isipokuwa chuma na mikono ya watu, lakini bila mikono hiyo hakuna meli inayovuka kutoka nyota moja hadi nyingine. Na huko meli haina tajiri. Kila nyumba inafua ubavu mmoja wa meli, na pini ya ubavu huo inabaki kwa mwenye nyumba. Siku ya kuruka, kila mmoja analeta pini yake na kuigonga kwa nyundo yeye mwenyewe. Pini moja ikikosa, meli haiendi. Sasa Gavana anataka meli nyingi kwa mara moja. Yuko tayari kutoa mafuta kabla ya kazi, mradi kiwanda kiwe cha mtu mmoja, mwenye amri moja. Wote wanamtazama Maliro, fundi mkuu. Anajibu nini? Soma uone!

Nikiandika hivyo naona karakana ya Papa kule Rughenda, siku ulipokuja na kinasa sauti chako kurekodi mlio wa nyundo. Ulimuuliza, "Na hii bodi ya lori, Papa, itatoka lini?" Akakujibu, "Itatoka siku buloni zote zitafika." Ukadhani anakutania. Mimi nikakueleza kwamba kila fundi mshirika hutunza buloni yake, boliti moja ya kukazia mbao, na bodi haipandi juu ya lori mpaka kila mkono ukaze yake. Ukanitazama. Hapo ndipo nilipopotea.

Maskini Papa. Yule Josaphat, mwenye malori na mwenye kutaka kura, anakitaka kiwanja cha karakana kwa sababu kiko karibu na uwanja wa ndege. Anawazungukia washirika mmoja mmoja. Siku nilipoaga nilimwona Papa akitembea na buloni yake katika mfuko wa koti, anaishika kama mtu anayeshika rozari. Sikumwambia mtu isipokuwa wewe. Mimi sasa ni wa kwenu. Binti aliyekwisha kuolewa hana tena neno katika shauri la nyumba ya baba yake. Basi nampa Maliro aseme, na hiyo inanitosha.

Nakupenda kuliko mafuta yote ya Jua Kuu.

Joyeuse wako


Beni, tarehe 11 Februari

Malkia wangu Joyeuse,

Phinées amefika na viazi, na wewe. Viazi nimevigawa, wewe nimekuficha ndani ya shati.

Huku joto linanimaliza. Usiku ninavua hata mawazo. Lakini kipindi chako, chérie, kimewasha moto! Ijumaa mpanda pikipiki mmoja alisimama mbele ya redio na mteja wake mgongoni, akakataa kuendelea mpaka Maliro amalize kusema. Mteja akapiga kelele, "Mimi naenda kwa daktari!" Akajibiwa, "Daktari pia anasikiliza." Hata wanajeshi wa kambi, ambao hawajui jina la mto wetu mmoja, wanaimba wimbo wa mafundi kwa Kilingala.

Mkurugenzi anasema tumepata mfadhili mpya. Ni mkubwa mmoja mwenye roho nzuri. Ametuletea jenereta, na anapenda sana kipindi chako. Alikaa nami katika studio, kando ya mashine, akaniuliza maswali mengi juu ya Mwezi wa Tatu.

Mpenzi, kuna swali lake moja ambalo nimeshindwa kujibu. Alisema hivi: meli ya watu wengi inachelewa. Nyumba iliyofiwa inasubiriwa. Mjane asiye na mkaa wa kufulia chuma anasubiriwa. Wakati huo, katika nyota ya mbali, watu wanakufa njaa wakiangalia juu. Gavana anayetaka kiwanda kimoja na amri moja, je, ni mtu mbaya kweli? Au ni mtu mwenye haraka ya kuokoa? Na Maliro anayeshikilia pini yake, je, ni shujaa, au ni mwanamke mwenye kichwa kigumu tu?

Nafikiri hadithi ingekuwa na nguvu zaidi kama angebadili mawazo. Siyo kwa woga. Kwa kuelewa. Fikiria watu wangelia kiasi gani!

Nafikiria pia chumba hiki kimoja ninacholala, na dirisha lisilofunga. Siwezi kukuleta hapa. Lakini siku inakuja, na huenda iko karibu kuliko unavyodhani.

Mume wako (nimeliandika mimi pia, lakini juu ya karatasi),

Lusenge


Musienene, tarehe 19 Februari

Moyo wangu,

Mungu ambariki mfadhili huyo! Simjui, lakini mtu anayekaa saa nzima kuuliza habari za mwezi usiokuwapo ana kitu kizuri ndani yake. Mwambie bibi arusi wa Musienene anamsalimia na kumshukuru kwa jenereta.

Na mwambie amekosea.

Nilibishana naye tangu mchana, nikivuna mboga za leki pamoja na mama yako. Nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti. Mama akauliza, "Unagombana na nani? Mutoto wangu haiko hapa." Nikamwambia nagombana na Gavana. Akasema, "Basi mushinde mbio, mvua iko inakuja."

Jibu langu ni hili. Ni kweli meli ya watu wengi inachelewa. Lakini meli ya watu wengi haiwezi kutumwa mahali ambapo wenyewe wangeona haya kwenda. Gavana leo anasema njaa ya nyota ya mbali. Sawa. Kesho atasema uasi wa nyota ya karibu, na meli itaruka vilevile, maana amri ni moja na haina mtu wa kuuliza. Pia anayekupa mafuta ya safari ya kwanza ndiye atakayekuambia safari ya pili inaelekea wapi. Na mjane yule, tukimwacha nje kwa sababu anachelewesha, ubavu wake utafuliwa na nani? Na mtu wa kwanza kunyimwa nafasi katika meli siku ya kukimbia atakuwa nani?

Maliro hakatai haraka. Anawaambia Jua Kuu: leteni mkaa kwa mjane, mtaona tutakavyokimbia. Wao hawataki kuleta mkaa. Wanataka pini.

Nimeandika vipindi viwili mfululizo. Katika cha pili Maliro anasimama mbele ya Baraza lote na kukataa. Naomba usome pole pale anaposema: "Mnaniita mmoja. Mimi si mmoja. Mimi ni wa mwisho kuulizwa, basi." Nimelia nikiandika! Halafu nikacheka, maana nimeona uso wako ukisoma, ile mikunjo miwili juu ya pua.

Juu ya kubadili mawazo: hapana, mpenzi, Maliro habadiliki. Katika mambo mengine yote nitakutii mpaka watu waseme umeniroga. Mpishi wako, mfuaji wako, mcheka-ovyo wako. Lakini Maliro niachie.

Umesema siku iko karibu. Unaona unavyonitesa? Nimeanza kushona pazia bila kujua kipimo cha dirisha.

Joyeuse, wako mpaka nyota ya mwisho


Beni, tarehe 9 Machi

Mpenzi wangu,

Nakuandikia mbio, Phinées anapiga honi.

Samahani kwa ukimya. Sijatoka Beni hata hatua moja tangu tulipoonana, kazi imenishika koo. Kipindi cha Ijumaa kimepita vizuri. Watu wamelia kama tulivyotaka.

Sasa kaa chini. Tumepata nyumba! Vyumba viwili, sebule, bomba uani, na mparachichi unaozaa. Mlango una ufunguo wa kweli. Dirisha la chumba chetu ni mita moja na nusu kwa moja, pima pazia lako. Mwisho wa mwezi naja kukuchukua kwa gari, siyo kwa lori. Usiniulize nimeipataje, ni zawadi ya arusi iliyochelewa. Nimepewa pia cheo: mimi ndiye mkuu wa vipindi.

Nimekutumia kitenge. Usiandike vipindi vipya kwanza. Pumzika.

Lusenge wako


Musienene, tarehe 13 Machi

Mume wangu, mkuu wangu wa vipindi!

Nimeruka mpaka kuku wamekimbia. Mama yako ameshika kitenge, akakinusa, akasema, "Hii haiko ya soko ya chini." Kisha akalia kidogo, maana atabaki peke yake. Tumekubaliana utakuja kumwona kila mwezi, usinikatalie.

Bomba uani! Lusenge, nitaoga mchana, nitaoga jioni, nitamaliza maji ya Beni yote. Chini ya mparachichi tutaweka meza, wewe upande huu na mimi upande ule, tukiandika habari za Mwezi wa Tatu bila Phinées katikati.

Unasema nipumzike. Nimejaribu siku mbili, nimeshindwa. Maliro amekwisha kukataa, sasa lazima tujue Jua Kuu inafanya nini. Nadhani watafunga mafuta.

Jambo dogo la kuchekesha. Jana sokoni alikuja mama mmoja muuza samaki kutoka Butembo. Aliposikia jina langu akanishika mikono yote miwili: "Ni weye binti ya Syauswa, mwenye kuandika? Umefanya muzuri, mutoto. Ulituliza bazee. Sasa bugomvi iliisha." Sikumwelewa vizuri, nikamwambia aksanti. Unaona hadithi yetu inavyopatanisha watu? Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ninahesabu usiku, siyo siku. Siku zinapita zenyewe.

Joyeuse, mwenye pazia tayari


Rughenda, Butembo, tarehe 15 Machi

Mutoto wangu Joyeuse,

Wabukire. Sisi tuko bazima. Mama yako anakusalimia, anatuma chumvi na sabuni. Mimi sina mazoezi ya barua, mudogo yako Bénie ndiye anashika bic, mimi nasema. Kama kuna makosa ni ya Bénie. (Uongo, dada. Papa anasema mbio kama redio. B.)

Nilitaka kukuambia aksanti. Unajua desturi yetu: binti akiisha kutoka, na mbuzi za mahari zikaingia, hana tena neno mu shauri ya nyumba ya baba yake. Mimi sikuweza kukuuliza, na wewe haukuweza kuniambia. Hii maneno ya Josaphat ilinikalia nzito. Wenzangu wote walikuwa bamekubali. Nilibakia peke yangu na buloni yangu. Banasema nina kichwa nguvu, nazuia batoto ya wengine kula. Nilikuwa nasema mu roho: ningejua Joyeuse anawaza nini!

Basi, ile Ijumaa tulikala wote mu atelier, mu karakana yetu, redio juu ya meza ya randa. Maliro akasimama mbele ya Baraza. Akatia mukono mu mufuko ya koti, akatoa pini, akasema: "Nimechoka kuwa pini ya mwisho. Mtu mmoja hawezi kusimamisha safari ya wote. Chukueni, na mnisamehe kuchelewa."

Mutoto wangu, nililia mbele ya banaume wenzangu. Nikasema: huyu haiko Maliro, ni binti yangu. Amepata njia ya kuongea na baba yake bila kuvunja desturi. Nani mwingine anajua kama buloni iko mu mufuko ya koti? Ni yeye tu aliniona.

Asubuhi Josaphat akakuya. Bwana yako Lusenge alikuwa naye mu motokari. Hapo nikapata nguvu, nikasema, kama mukwe yangu iko, na binti yangu iko. Nikatoa buloni yangu nikaweka mu mukono ya Josaphat, ndiyo kusema kiwanja ni yake. Nilimuuliza Lusenge kama anapanda Musienene kukuona, akasema kazi ni mingi.

Tunahamisha vyombo. Sijui bado tutaenda wapi. Lakini niko na amani, juu ni weye ulisema.

Baba yako,
Syauswa


Musienene, tarehe 17 Machi

Lusenge,

Nimemsomea mama yako barua ya Papa. Nilifikiri nikiisoma kwa sauti maneno yatabadilika.

Mimi sikuandika hivyo. Unajua sikuandika hivyo, karatasi zangu unazo. Maliro wangu alikataa. Alisimama, akakataa, akaketi. Wewe ukamsimamisha tena, ukamtia mkono mfukoni.

Mfuko wa koti, Lusenge. Nilikupa kitu hicho kama mke anavyompa mumewe kitu kitandani, bila kufikiri kwamba kina kazi. Ukakichukua ukamfungua nacho baba yangu. Hakushawishiwa na Gavana wala na Josaphat. Alimsikiliza mtoto wake, naye mtoto wake alikuwa bondeni akichambua maharage na kukushonea pazia.

"Nimechoka kuwa pini ya mwisho." Sentensi nzuri. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Umejifunza sauti yangu vizuri kiasi kwamba mzazi wangu ameshindwa kututenganisha.

Yule mfadhili mwenye roho nzuri, kumbe ni Josaphat, nilimtumia salamu. Nilimwombea baraka! Ulizisoma salamu hizo ukiwa umekaa naye?

Na Jumamosi ile ulikuwa Butembo. Uliniandikia kwamba hukutoka Beni hata hatua moja. Kutoka kwa baba yangu mpaka kitanda chako ni mlima mmoja. Ningesikia gari. Ningetoka mbio na unga mikononi.

Niambie kwamba kuna mtu alikushikia bunduki. Nitaamini. Niambie tu.

Joyeuse


Beni, tarehe 20 Machi

Mke wangu,

Hakuna aliyenishikia bunduki. Sitakudanganya tena.

Josaphat alitaka kipindi kifungwe. Alisema Gavana wako anafanana naye, na watu wanamcheka sokoni. Mkurugenzi akaogopa. Nikasema, tusifunge, tubadilishe mwisho. Nilidhani ninamwokoa Maliro. Halafu Josaphat akanipeleka kuona nyumba. Joyeuse, nilisimama pale uani, nikafungua bomba, maji yakatoka, nikakuona wewe. Sikuona kitu kingine.

Habari ya koti nilimwambia katika mazungumzo tu. Yeye ndiye aliyesema, "Weka hiyo." Nami nikaiweka.

Lakini fikiri kwa utulivu. Papa alikuwa amebaki peke yake. Wenzake wote walikwisha kukubali. Angeshikilia mpaka lini? Angepata aibu, na mwisho ule ule ungekuja. Mimi nilimpa njia ya kutoka kwa heshima. Sikumgusa baba yako. Niligusa hadithi, tena ya mwezi ambao haupo. Gavana hayupo, Baraza halipo. Utaacha nyumba iliyopo kwa ajili ya watu wasiokuwapo?

Jumamosi ile ningepanda kukuona, lakini gari lilikuwa lake, na niliogopa uso wako.

Tumalize vizuri. Mwandike Maliro akiishi Jua Kuu, mwenye bustani, mwenye furaha. Nitasoma kila neno lako kama lilivyo, naapa. Na Papa tutamsaidia. Josaphat ameniambia anaweza kumpa kazi ya ulinzi palepale kiwanjani.

Nakupenda. Hilo sikulibadilisha.

Lusenge


Musienene, tarehe 24 Machi

Lusenge,

Kazi ya ulinzi. Papa alinde geti la karakana yake, afungue malori ya Josaphat yanapoingia. Uliandika hivyo kwa kalamu, ukaona ni habari njema, ukaituma.

Umeuliza kama nitaacha kilichopo kwa ajili ya kisichokuwapo. Sikiliza basi uchumi wa Mwezi wa Tatu kwa mara ya mwisho, maana naona ulikuwa ukiusoma hewani bila kuusikia. Gavana hakuwahi kuwa na shida ya chuma. Chuma kingenunuliwa. Shida yake ilikuwa watu wenye ruhusa ya kusema hapana. Kwa hiyo hakutafuta fundi bora, alitafuta mtu wa nyumbani, anayejua pini inalala wapi. Nilikuwa nimepanga mtu huyo atokee katika vipindi vya mwisho. Sikuwa nimempatia jina.

Ningeweza kumwandikia Papa tu. Lakini hakudanganywa peke yake. Wenzake walisikia, Butembo yote ilisikia, yule mama wa samaki alisikia. Uongo uliotoka redioni haujibiwi kwa karatasi ndani ya kofia ya Phinées.

Kwa hiyo Ijumaa nitakuwa Beni. Nitafikia kwa Adèle. Nyumba yako sitaiona, hata kwa nje. Saa ya kipindi nitaingia studio na kukaa mbele ya maikrofoni. Mlinzi ananijua kama mke wako, atanifungulia. Sina maandishi. Nitasema: "Papa, si mimi niliyeongea." Halafu nitaeleza ni nani. Desturi ya kwetu inanikataza, na nitaivunja, kwa sababu wewe uliivunja kwanza kwa kinywa changu.

Wewe ndiwe unayekaa kwenye mashine. Kidole chako kinafungua na kidole chako kinafunga. Sitakuomba, sitalia. Nitavuta pumzi na kuanza.

Nilipomweleza mama yako aliacha maharage yaungue. Kisha akanifungia chakula cha njiani. "Nilizaa mutoto," akasema. "Hii maneno sikuizaa." Ameniomba nikuambie hivyo hivyo.

Bado nakupenda, na ninaona haya kuliandika. Ijumaa nitajua kama ni aibu ya muda mfupi au ya maisha.

Joyeuse Syauswa


Rughenda, Butembo, tarehe 30 Machi

Mutoto wangu,

Phinées anakuletea hii kwa Adèle, juu Bénie amesikia uko kwake. Bénie anashika bic tena. Anaandika na machozi, kama kuna matone ni yake.

Ijumaa tulikala kama kawaida, lakini nje, chini ya ukuta, juu atelier imefungwa na kufuli ya Josaphat. Redio ikaita jina ya kipindi. Tukasikia kiti inasogea. Tukasikia mutu anavuta pumzi. Ukasema: "Papa."

Halafu muziki. Muziki ya kucheza, ya Kinshasa, mpaka saa ya habari.

Hakuna mutu alisimama. Muziki ilipoisha, Siméon, yule mwenye msumeno, akaniuliza: "Syauswa, binti yako alitaka kusema nini?" Nikamujibu: "Amekwisha kusema." Tulielewa wote. Mutu hakatwi sauti kama anakuya kusifu. Na nikajua ni nani anakalaka kwenye ile mashine.

Jana tulienda kwa Josaphat, wote, kudai buloni zetu. Alitucheka. Anasema tulitoa kwa mapenzi yetu, na mimi zaidi, mbele ya batu. Ni kweli nilitoa. Shauri itakuwa ndefu, sijui kama tutashinda. Lakini wale banaume walionisukuma nikubali, leo banatembea na mimi njia moja. Ile umoja yetu ilikuwa imekufa, na ni neno yako moja iliiamusha.

Usiogope juu ya desturi. Binti hana neno mu nyumba ya baba yake, ndiyo. Lakini baba akidanganywa na sauti ya binti yake, atafanya nini? Atatafuta binti.

Jumanne nitakuya Beni. Nitakala kwa Adèle, utanipa chai. Ukisema unarudi kwetu, tutarudi, mbuzi za kurudisha ziko, sitakuuliza mara mbili. Ukisema unabakia na bwana yako, nitamaliza chai yangu, nitapanda lori. Sitasikiliza redio, sitasikiliza barua, hata hii kichwa yangu sitaisikiliza.

Utaniambia wewe, tukiwa tumekala uso kwa uso.

Baba yako,
Syauswa